Chuma Kilikatika Kando ya Mshono Wangu

Soudure yangu, ule mshono wa kuunga chuma, haikukatika.

Nasema hivyo mapema kwa sababu huku Makiso watu bado wanasimulia vingine. Kilichokatika ni baiskeli. Ilikatika vipande viwili katikati ya barabara, bibi arusi akiwa juu yake, gauni jeupe likaingia kwenye matope huku kwaya inatazama.

Na mpaka leo naona aibu. Ila si aibu ile mnayoifikiria.

Ngoja niwaeleze taratibu.

Naitwa Larissa. Nilisoma ufundi wa mitambo hapa hapa Kisangani, na siku nilipovaa toga ya kuhitimu nilikuwa na ndoto moja tu: toleka yeyote asianguke tena kwa sababu ya kazi mbaya ya fundi.

Msicheke. Huku kwetu toleka ndiyo teksi ya maskini, na anayeiendesha tunamwita toleka vilevile. Baiskeli moja, mto mmoja wa kukalia nyuma, na juu yake utakuta mama wa soko, mgonjwa anayepelekwa hospitali, mwanafunzi aliyechelewa mtihani. Fremu ikikatika, kuna mtu ataumia.

Papa yangu, Médard, ni fundi wa kuchomelea. Yeye ni mtu wa baguette, ile fimbo ya chuma inayoyeyuka kwa umeme na kuunganisha mabomba. Toleka wote wanamjua. Na wana kanuni yao: soudure nzuri lazima iwe na nyama.

Mteja akija kuchukua baiskeli yake, hatazami. Anapitisha kidole gumba juu ya mshono. Kidole kikipanda kilima, anatabasamu. Kikiteleza, anakunja uso.

Basi mimi nikaja na machine mpya, semi-otomatiki. Waya mwembamba unatoka wenyewe, gesi inaukinga moto, na mshono unabaki mwembamba kama uzi. Joto lake ni dogo. Kwa bomba jembamba la baiskeli, hiyo ndiyo dawa.

"Hii iko soudure ama iko mate?" toleka mmoja aitwaye Asumani aliniuliza siku ya kwanza, kidole chake kinateleza.

Wenzake wakacheka hadi wakashika kuta.

"Papa Médard, ambia mutoto yako aongeze nyama! Hii iko njaa!"

Papa akacheka pamoja nao. Kisha akasema, "Mumuache. Masomo haiwezi kuongopa."

Nilimpenda sana siku ile.

Aliyeniamini wa kwanza alikuwa Lionel. Kijana mpole, toleka, alikuwa anaoa. Alitaka kumbeba Lucie wake kutoka kanisani hadi kwenye sherehe kwa baiskeli yake mwenyewe, wenzake wote nyuma wakipiga kengele. Fremu ilikuwa na ufa pale bomba la kiti linapokutana na mabomba ya nyuma.

"Larissa, fanya ya kwako," aliniambia. "Lakini ikuwe kitoko, ipendeze. Ni ndoa."

Nikafanya. Nikaunga, nikapitisha tupa mpaka mshono ukawa laini, nikapaka rangi nyeusi. Ilipendeza. Nikaiegesha kwenye atelier, karakana yetu, na asubuhi ya harusi nikaenda mapema kanisani kupamba viti. Papa ndiye aliyemkabidhi Lionel baiskeli.

Nilipoiona tena ilikuwa imefungwa riboni na kitambaa cheupe kila mahali. Chuma hata hakionekani.

Lucie akapanda. Kengele zikalia. Watu wakashangilia.

Hawakufika mbali. Gurudumu likaingia kwenye shimo dogo, shimo la kawaida tu, tukasikia "kwaa!", na baiskeli ikakunjika.

Lucie aliangukia mkono. Nilisikia mfupa.

Halafu mama mmoja akaanza, "Nsoni! Nsoni oh!" Aibu, aibu. Na macho yote yakanigeukia.

*

Jumapili iliyofuata Papa Hubert alituita. Huyo ndiye président wa toleka wa Makiso, mzee mwenye mapaja ya chuma na maneno machache. Tukakaa chini ya banda lao la mabati karibu na bandari, mimi na papa upande mmoja, toleka upande mwingine. Lucie alikuwa pale, mkono ndani ya plasta.

Papa Hubert akainua fremu iliyokatika.

"Angalieni muzuri. Soudure iko nzima. Haina hata ufa. Chuma ya pembeni njo imekatika. Donc, machine ya huyu mutoto inakula chuma!"

"Ehee!" Asumani akapaza sauti. "Nilisema mate, kumbe iko meno!"

Hata Lucie alicheka kidogo, kisha akauma mdomo kwa maumivu.

Papa Hubert akanipa fremu. "Ma fille, ni wewe ulisudé hapa?"

Nikaishika. Kitambaa cha harusi kilikuwa kimeshatolewa. Na hapo ndipo nikaona.

Mshono ulikuwa mnene. Una nyama, kilima kabisa. Na kwenye kona yake, chini ya rangi, kulikuwa na ganda jeusi linalong'aa kama kioo.

Sisi tunaliita laitier. Baguette ikiyeyuka, inaacha ganda hilo juu ya chuma. Machine yangu haiachi kitu kama hicho. Haiwezi.

Mtu alikuwa amechomelea juu ya kazi yangu. Kwa baguette. Kwa moto mkubwa.

Niwaeleze kidogo hapa, maana watu wengi hawajui. Mshono hauishi peke yake, unaishi na majirani. Moto ukizidi kwenye bomba jembamba, unachimba mfereji ukingoni mwa mshono, na chuma cha jirani kinaiva vibaya, kinapoteza nguvu zake. Mshono wenyewe unabaki mnene na mzuri. Jirani ndiye anayekufa. Uzito ukija, bomba linakatikia pale pale ukingoni.

Nikageuza macho kwa papa.

Papa alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikajua.

Ningeweza kusema. Ushahidi ulikuwa mkononi. Lakini huyo ni papa yangu, mbele ya watu wanaomheshimu tangu mimi sijazaliwa. Alinisomesha kwa baguette hizo hizo. Nitamvua nguo hadharani?

"Ni mimi," nikasema.

Papa hakuinua kichwa.

"Alors," Papa Hubert akasema, "kuanzia leo machine ile haigusi baiskeli ya toleka. Kila mutu ataenda kwa Papa Médard, kwa baguette yake. Na wewe, ma fille, omba pardon kwa Lucie."

Nikapiga magoti, nikaomba.

Lucie akaniwekea mkono wake mzima begani. "Sina hasira, yaya," akasema, kama kwa dada yake mkubwa.

Afadhali angenipiga.

Tukarudi nyumbani. Nilijiambia nimefanya jambo jema. Nimemfunika mzazi. Nilijiona nina moyo mkubwa.

Moyo mkubwa, kweli!

*

Siku hizo atelier ilijaa. Toleka walikuja kwa papa kama kwa padri. Mimi nilichomelea madirisha na milango, kichwa chini.

Mchana mmoja Asumani akaleta baiskeli yake.

"Papa, hapa chini. Na nyama mingi! Leo ninabeba mama mukubwa wa Kabondo, ule hata ndizi zake ziko na kilo kuliko mimi."

Papa akavaa mask, akawasha. Nilikuwa karibu, nikajifunika uso, nikatazama.

Ncha ya baguette ilianza pembeni ya ufa. Ikarudi. Ikapita juu ya ufa, ikaenda mbele zaidi. Ikawa inatafuta, kama mkono wa mtu gizani unaotafuta kiberiti mezani. Na popote ilipopapasa, iliunguza.

Asumani akapitisha kidole. Kilima.

"Voilà! Hii njo soudure!" Akapanda, akaenda.

Mimi nikaenda kwenye rundo la mabaki.

Nikachukua vipande viwili vya bomba, nikaviweka juu ya meza, vimegusana.

"Papa, zinakutana wapi hizi?"

"Michezo gani hiyo?"

"Nionyeshe tu, papa."

Akainama. Akainama zaidi. Akaweka kidole.

Alikuwa mbali kabisa na mahali penyewe.

Akaona uso wangu, au labda alihisi kimya changu. Akaketi juu ya chupa ya gesi iliyokwisha. Miaka yote ile ya moto mweupe, mara nyingi bila mask, kwa sababu mteja ana haraka.

"Iko kama moshi," akasema. "Katikati iko moshi. Pembeni ninaona."

"Tangu lini?"

"Usiniulize tangu lini."

Hapo hasira ikanipanda. Nisamehewe, lakini ilipanda.

"Papa, kama haukuamini kazi yangu, ungeniambia! Kwa nini ulichomelea juu yake? Lucie amevunjika mkono!"

Akanitazama kwa yale macho yake ya pembeni.

"Kutoamini? Larissa, sikuona soudure. Nilitazama, sikuona. Nikapitisha kidole, laini. Nikafikiri umesahau. Umepaka rangi, umesahau kusudé. Na Lionel iko njiani, anakuja kuichukua. Nikasema, watu watamucheka mutoto wangu, kazi yake ya kwanza. Nikachoma juu, nikapaka rangi tena. Nikakufunika."

Nilikaa chini kwenye vumbi.

Alinifunika mimi. Nami nikamfunika yeye. Na ule mshono wangu wa kwanza, uliokuwa mzima kabisa, ukafa kwa sababu ya upendo.

"Pale kwa Papa Hubert," akaendelea, sauti imeshuka, "nilijua. Uliposema, 'Ni mimi,' nilitaka kusimama. Nsoni ikanishika magoti."

Tukatazama mlango. Tukawaza kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Asumani. Na yule mama wa Kabondo.

"Twende," papa akasema.

Nikasimamisha toleka barabarani. Papa akapapasa fremu yake, akaiachia kama imemchoma.

"Hii iko soudure ya kwangu," akasema. "Natembea."

Ningecheka, kama isingekuwa machozi.

Akatembea haraka, mkono wake begani mwangu, hadi bandani. Mungu ni mwema: Asumani alikuwa bado hapo, anabishana na abiria wake kuhusu mizigo.

"Shuka," papa akamwambia.

"Papa, bado hata sijapanda!"

"Usipande kabisa. Na nyote, mwenye nilimusudéa baiskeli, shuka." Akavua kofia. "Ya Lucie ni mimi. Mutoto alifanya kazi nzuri, mimi nikaiunguza. Macho yangu imekufa. Na nimekuwa nawapa nyama juu ya chuma kilichokufa."

Mtu nyuma akasema, "Eh! Kumbe tunasudéwa na kipofu!" Wachache wakacheka, kile kicheko cha kuogopa.

Yule mama wa Kabondo akakusanya ndizi zake. "Mimi ninaenda na miguu," akasema.

Niliwachukia wote kwa ajili ya papa. Nikasimama mbele yake. "Msimucheke! Amekuja mwenyewe. Angeweza kunyamaza."

Papa Hubert akainuka. Akachukua ile fremu ya harusi iliyokuwa bado kwenye kona, akaigeuza, akagusa ganda jeusi kwa kucha.

"Hii nini?"

"Laitier," nikajibu. "Inatoka kwenye baguette. Machine yangu haitoi."

"Siku ile nilikupatia hii mukononi. Uliona?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Uliona, ma fille?"

"Niliona, Papa Hubert."

"Na ukatuacha tuende kwa yeye. Sisi wote. Na bibi zetu nyuma, na batoto."

Hakupaza sauti hata kidogo.

"Papa yako, macho njo ilikufa. Wewe, nini ilikufa?"

Nimeshinda mitihani mingi. Ule wa Papa Hubert nilianguka, na hiyo ndiyo aibu yangu.

*

Machine yangu ilirudishiwa ruhusa siku ile ile. Ndiyo nilichokitaka tangu mwanzo, sivyo? Baiskeli zikaja moja baada ya nyingine. Kila moja nakata ule mshono mnene pamoja na chuma kilichoungua, naweka kipande kipya cha bomba, naunga kwa waya mwembamba.

Papa anakaa kwenye kiti mlangoni. Anasikia meule, ile mashine ya kusaga chuma, inavyolia ikitafuna kazi ya mikono yake. Hajawahi kuniambia niende kuisagia nyuma ya nyumba. Mteja akifika, anamsalimia kwa jina, kisha anasema, "Pitia kwa Larissa."

Lionel alileta ile fremu ya harusi. Lucie alikuja naye. Nikamwambia yote, pamoja na lile ganda nililoliona nikanyamaza.

Safari hii hakuniwekea mkono begani. Alitazama kando, akasema, "Tengeneza tu."

Nikatengeneza.

Ndugu zangu mnaosoma, sina hekima kubwa ya kuwapa. Nina hii tu. Ukimpenda mtu, usimfunike kosa linaloweza kumuumiza mwingine. Utafikiri unamwongezea nguvu, kumbe unachoma chuma cha pembeni. Na anayekaa juu ya chuma hicho siye wewe wala siye yule unayempenda. Ni mtu aliyepanda kwa sababu aliwaamini.