Gongo la Zuhura Ukutani

Siku yangu ya kwanza kazini Guangzhou, China, sikuonyeshwa meza wala kiti. Nilionyeshwa jora la kitambaa. Alhaji, mkuu wa ofisi yetu, mtu wa Dar es Salaam aliyekuwa anayajua masoko ya mji ule kama anavyojua mifuko ya kanzu yake, alinipeleka Zhongda, soko la vitambaa, akasimama mbele ya duka moja, akasema, "Haya, kijana wa Tanga. Kagua."

Nikashika ncha ya kitambaa, nikaisugua kwa vidole, nikaiinua kwenye mwanga. Kizito, rangi imekolea. Nikasema, "Kizuri, Alhaji."

"Kizuri wapi? Umeona mita mbili. Hizo nyingine nani kaziona, bibi yako?"

Akamtaka mwenye duka alifungue jora lote. Yule bwana akapunga mkono, "Bu xing, bu xing," yaani haiwezekani. Alhaji hakugombana naye. Alivuta kigoda, akakaa, akatoa tasbihi yake. Baada ya nusu saa jora lilifunguliwa, na kule ndani kabisa, karibu na mti linakozungushiwa, kitambaa kilikuwa kimeungwa vipande vitatu na rangi imepauka.

"Umeona?" akaniambia. "Mwenye mali anakuonyesha nje. Wewe unalipwa kutazama ndani."

Ndivyo nilivyoingia kwenye ukaguzi wa bidhaa, mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati nyinyi wanangu mnaoagiza viatu kwa kidole mkiwa kitandani hamjazaliwa. Mfanyabiashara alikuja kutoka Dar au Unguja, akachagua mali, akarudi nyumbani, akatuachia sisi macho yake. Sampuli, yaani kipande cha mfano, tuliikata katikati. Nusu ilibaki kwa mwenye duka na nusu kwangu, na pale mkasi ulipopita tulitia sahihi sote wawili. Mzigo ukifika ghalani unaweka nusu yako juu yake. Visipofanana, unaurudisha. Viatu vya soko la Zhanxi vilikuwa na somo lake. Unanusa gundi, maana gundi mbovu inanuka kama samaki aliyelala. Unakunja soli mpaka kisigino kiguse ncha. Unafungua boksi baada ya boksi, kwa sababu nimewahi kukuta katoni nzima ya mguu wa kushoto. Wallahi, kushoto tupu! Sijui huko Tandika wangemuuzia nani.

Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa ya siku tatu. Mzigo ukishafika, una siku tatu za kusema hapana. Zikipita hujasema neno, mzigo ni wako, na ubovu wake ni wako. Alhaji aliirudia kila asubuhi tukinywa chai. "Mkaguzi hana kimya. Ukinyamaza umepokea." Niliyashika maneno hayo vizuri sana kazini. Ningeyashika na kwingineko, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Kabla ya kazi hiyo nilikuwa mchezaji wa magongo. Ndiyo, mpira wa magongo, wa gongo la mti, wala si ile ya chupa, msianze kucheka. Klabu yetu kule Tanga ilikuwa na chumba kimoja chenye ukuta tuliouita Ukuta wa Heshima. Mchezaji aliyetukuka hupigiliwa gongo lake pale, na chini yake bamba la shaba lenye jina. Desturi ilitaka awe ameacha kucheza miaka kumi, ndiyo maana ukutani walikuwa wazee watupu. Msumari wa inchi nne hupita katikati ya mti wa gongo, kwa hiyo gongo lile halichezi tena. Na mwenye gongo naye huapa mbele ya wazee kuwa hatacheza tena. Siku za mechi hukaa kiti cha mbele, akapewa soda na kushikwa mkono.

Mimi nilipandishwa ukutani nikiwa na miaka ishirini na sita. Goti lilikatika ukano katika mechi, daktari akasema basi, na kamati kwa huruma ikaifuta ile miaka kumi. Walifanya kwa mapenzi, sikatai. Mama alilia kwa furaha, watu wakanibeba juu. Lakini niliposikia nyundo ikigonga ule msumari, niligeuza uso. Wiki iliyofuata nikakaa kiti cha mbele kati ya mzee mwenye pumu na mzee aliyesinzia, nikawatazama wenzangu wakikimbia. Nilivumilia misimu miwili. Alhaji alipotafuta kijana mwenye macho makali wa kwenda naye China, nilikuwa wa kwanza kupeleka jina.

Chumba changu kilikuwa upande wa Liuhua, karibu na stesheni ya treni, ghorofa ya nne isiyo na lifti. Mchana kutwa chini yetu mikokoteni na makelele, na watu wengi kuliko niliowahi kuona, na sikuwa na hata mmoja wa kumwambia leo nimeamkaje. Wenye maduka waliniita Mkaguzi. Waswahili wenzangu nao waliniita Mkaguzi, tukasalimiana msikitini Ijumaa, kila mtu akakimbilia mzigo wake. Hakuna aliyejua kuwa niliwahi kuitwa kitu kingine. Kuna siku nilikula wali wangu nikiutazama ukuta wa chumba, mweupe, hauna kitu, nikashukuru angalau huo haunijui.

Katika kupanda zile ngazi na marobota begani ndipo nilipogundua jambo. Goti lilikuwa limenyamaza. Nikahesabu nyuma, nikakuta nina miezi haliniumi. Nikashuka mpaka chini nikapanda tena kwa kukimbia, mtu mzima, peke yangu, na robota juu. Goti likakaa kimya.

Jumapili moja mwanafunzi mmoja Mkenya, Otieno, aliyekuwa akitutafsiria Kichina, alinipeleka kwenye uwanja wa chuo chao. Nikakuta Wahindi, Wapakistani na Wakenya kadhaa wanacheza magongo. Nusura nigeuke nirudi.

"Buda, ingia, tumepungukiwa na mtu mmoja," Otieno akasema.

"Sichezi."

"Si unajua hii game? Naona vile unaangalia, macho yako hayatoki kwa mpira."

"Mimi ni mtu wa ukutani," nikamwambia, na ikabidi nimweleze. Alicheka mpaka akainama. "Sasa huko Tanga nani atakuona?"

Hakuna ambaye angeniona, kweli. Lakini nilikuwa nimeapa mbele ya wazee, na kiapo hakiulizi uko nchi gani. Nikabaki pembeni ya mstari. Mpira ukatoka nje, ukanijia. Otieno akanirushia gongo lake. Niliupiga mara moja tu, ukavuka uwanja wote, ukapita kati ya watu wawili, ukamfikia aliyeuomba. Uwanja mzima ukageuka kunitazama. Nikamrudishia Otieno gongo, nikaondoka, na ndani ya basi nililia kama mtoto, abiria wananitazama na mimi siwajali.

Haukupita muda mrefu ikaingia faksi ofisini, kutoka kwa Katibu wa klabu. Zuhura ameumia kifundo cha mguu, daktari hana matumaini, na kamati inataka kumpandisha ukutani.

Zuhura nilimfundisha mimi. Alianza kunifuata uwanjani akiwa na gongo alilolichonga mwenyewe kwa tawi la mpera, msichana mwembamba anayebisha kila kitu. Nilimwonyesha kushika, kuinama, kuuficha mpira kwa adui. Nilipokuwa nikiondoka alikuwa ameshanipita kwa ufundi, na nilimwambia hivyo. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa.

Faksi ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, kila mwenye gongo ukutani aliye hai aseme neno lake. Mmoja tu akisema hapana, jambo linakufa. Asiyejibu ndani ya wiki mbili amekubali. La pili, kwa kuwa mimi nipo China kwenye mafundi, nisimamie bamba la shaba la jina lake, nilipeleke kwa mtu anayesafiri.

Nikakaa na karatasi ile. Nilijua. Wazee wa ukutani hawakujua, wao walitundika magongo wakiwa wamechoka na wajukuu wanawangoja. Aisifuye mvua imemnyea, na mimi peke yangu ndiye niliyenyeshewa na mvua ile. Nilijua daktari anaweza kukosea, kwa kuwa goti langu lilikuwa linapanda ghorofa nne. Nilijua kwamba wakimpigilia gongo, hata mguu ukipona hataupiga tena mpira. Neno lililotakiwa lilikuwa moja. Hapana. Neno nililolisema Zhanxi mara ishirini kwa siku bila kupepesa jicho.

Nikaliandika. Nikalikunja, nikalitia mfukoni mwa shati.

Kisha nikaenda kwa fundi wa mabamba. Bamba la kwanza nililikataa, lilikuwa na mkwaruzo chini ya herufi ya mwisho. La pili nikalikataa kwa kuwa kona moja haikukaa sawa. Fundi alinung'unika, nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu. La tatu halikuwa na kosa. Nilipitisha kidole kwenye kila herufi ya jina la Zuhura, nikaligeuza nyuma, nikalinusa hata, kwa mazoea.

Alhaji aliliona mezani. "Kitu safi hiki. Umekikagua?"

"Nimekikagua."

"Basi peleka."

Likaenda na mfanyabiashara wa Tanga. Karatasi ya hapana ikabaki mfukoni. Wiki ya kwanza nikasema nitaituma kesho. Wiki ya pili nikasema wazee watanionaje, mtu niliyeheshimiwa na wao, namnyima mtoto heshima niliyopewa mimi. Siku ya kumi na nne nilifua lile shati na karatasi ikiwa ndani yake.

Hizo ni sababu nilizojipa. Ya kweli sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Nilikuwa mpweke pale ukutani. Nilikuwa kijana peke yangu kati ya majina ya wazee, na wengi wao marehemu, na niliposikia kuna mwingine anakuja, wa rika langu kidogo, anayenijua, moyo wangu ulifurahi kabla akili haijafika. Nilitaka mwenzangu.

Kazi iliendelea. Nikahamishwa kutoka vitambaa kwenda viatu, Alhaji akarudi nyumbani, akaja mkuu mwingine aliyependa karatasi kuliko mali, kisha nikafanywa mkuu wa wakaguzi, nikawafundisha vijana kufungua jora mpaka ndani. Nao niliwaambia, mkaguzi hana kimya. Waliandika kwenye daftari zao. Hakuna aliyeniuliza kama mimi mwenyewe niliwahi kunyamaza.

Nimestaafu sasa, nimerudi Tanga. Mkitaka ushauri wa kazi, ni huu: kukataa kitambaa ni rahisi, kitambaa hakina shangazi. Kinachomshinda mtu ni kukataa kitu kinacholetwa kwa vigelegele. Mimi nilikuwa hodari wa masoko mawili makubwa, na mzigo mmoja tu uliokuwa na uhai ndani yake niliupitisha.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi nilikwenda uwanjani. Viti vya mbele hupangwa kwa mfuatano wa ukuta, kwa hiyo cha kwangu na cha Zuhura vimekaa pamoja. Alikuwepo, mvi zimeanza kuingia kichwani, kitambaa chake kimefungwa nyuma kama alivyokuwa akikifunga zamani kwa ajili ya mechi. Nikamsalimia. Akaitikia kwa heshima, "Marahaba... astaghfirullah, shikamoo, Kaka Shaabani. Nimezoea kuamkiwa." Tukacheka kidogo. Akapewa soda yake, na mimi yangu.

Mpira ulipokuwa upande wa mbali nikamuuliza kuhusu kile kifundo cha mguu.

"Kilipona," akasema. "Kabla ya Ramadhani ya mwaka uleule."

Nikahesabu miezi kwa vidole.

"Wazee sikuwategemea, Kaka. Ningewakataliaje mimi, mtoto wa kike wa miaka kumi na tisa? Nilisema yupo mmoja anayejua. Kila asubuhi nilikwenda kwa Katibu nikichechemea, kumuuliza kama neno lako limefika. Siku kumi na nne. Likafika bamba."

Ningeweza kumwambia habari za shati na karatasi iliyofuliwa. Nilikuwa nimebeba kisingizio hicho kizuri tangu Guangzhou. Lakini nilikuwa mzee, na nimechoka kuonyesha nje.

"Nilitaka kusema hapana, nikanyamaza," nikamwambia. "Nilikuwa peke yangu pale ukutani, Zuhura. Nilitaka mwenzangu."

Hakunitukana, na laiti angenitukana. Akaiweka soda yake chini, akageuza uso uwanjani, walikokuwa wakikimbia mabinti wa umri aliokuwa nao siku ile.

"Basi umempata," akasema.