Mdomo na Mkono wa Mzee Haruna

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa nikaambiwa nifute vumbi kwenye kompyuta bila kubonyeza chochote. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sijawahi kuiona kompyuta ila kwenye picha. Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga Bangwe, karibu na ziwa kiasi kwamba ukifungua dirisha harufu ya dagaa wanaoanikwa iliingia mpaka ndani ya mafaili. Majirani waliamini sisi ni watu wa wakimbizi, maana miaka ile kila aliyefika Kigoma na gari jeupe alikuwa wa wakimbizi.

Kumbe kazi yetu ilikuwa kuchunguza akili. Ninyi vijana mna simu zinazojibu maswali. Wakati wetu, kuifundisha mashine jambo moja tu la akili ya binadamu kulihitaji watu wengi na subira. Mkuu wetu tulimwita Profesa, mama mtu mzima kutoka Moshi, msomi wa saikolojia. Chini yake alikuwepo Mhandisi, kijana wa Dar es Salaam aliyeandika programu, na mtaalamu wa lugha aliyekuja na kuondoka na meli. Niliuliza kwa nini tusiwe na msomi wa aina moja. Profesa akasema akili ya mtu ni kubwa mno kwa somo moja.

Tulichagua mchezo wa bao, kwa kuwa kwenye bao kila uamuzi unaonekana kwa macho. Mchezaji aliombwa afikiri kwa sauti, yaani aseme kila kinachomjia kichwani wakati anacheza. Mimi nilirekodi kwenye kaseti, kisha nikaandika maneno yote, na pembeni nikaonyesha mkono umechota kete kutoka shimo lipi. Mhandisi aliyageuza maneno hayo kuwa kanuni: ikiwa nyumba ya mwenzako haina ulinzi, basi ishambulie. Kanuni nyingi zikiunganishwa huwa modeli, yaani mfano wa akili ndani ya mashine. Haikutengenezwa ili imshinde mtu. Ilitakiwa icheze kama yeye, na makosa yake yakiwemo.

Mtu mwenyewe tuliyemfanyia modeli alikuwa Mzee Haruna, fundi cherehani wa Buyenzi, Bujumbura, aliyevuka mpaka akikimbia vita. Aliishi kambini upande wa Kasulu, na mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali. Profesa alisikia sifa zake za bao, akamwombea kibali cha kukaa mjini kwa muda wote ambao utafiti ungemhitaji. Kibali kile kilikuwa na thamani kwake kuliko posho yetu. Mama yake mzazi, aliyetangulia kuja Ujiji zamani kumfuata binti aliyeolewa huko, alikuwa mgonjwa kitandani, mtaa wa Kasingirima huko huko Ujiji. Kila jioni Haruna alitoka kwetu akaenda kumnywesha uji mwenyewe.

Nilizipenda asubuhi zile. Haruna alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, akanisalimia "Bwakeye, mdogo wangu," nami nikamwamkia Shikamoo. Mpinzani wake, Mzee Feruzi wa Ujiji, muuza mawese, alikuwa ameshakaa akizichezea kete mkononi.

"Leo unalala njaa, mtu wa Bujumbura," Feruzi alimwambia.

"Cheza. Mashine inakusikiliza, isije ikadhani Ujiji mnacheza kwa midomo."

Miezi ikapita, kanuni zikajaa. Siku Mhandisi alipoiwasha modeli ili icheze na Feruzi, tulisimama nyuma yake kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Feruzi aliifunga upesi. Akairudia, akaifunga tena.

"Mashine yenu ina mdomo wa Haruna," alisema akifunga kibweta chake cha ugoro, "ila mkono wake hamkuupata."

Mhandisi alishinda siku kadhaa akitafuta kosa kwenye programu. Hakuliona. Mimi nilikuwa na mashaka mengine, kwa sababu ndimi niliyeandika maneno na mkono kwenye ukurasa mmoja. Haruna alikuwa akisema anailinda nyumba, lile shimo kubwa la akiba, huku mkono wake unashambulia upande mwingine kabisa. Nilipomweleza Profesa, alicheka. Mchezaji gani wa bao, alisema, atamtangazia mpinzani mpango wake? Kwenye baraza la bao maneno ni ya kumpotosha mwenzako, na sisi tumeyachukua kama ushahidi. Akaagiza Haruna acheze bila mpinzani, apangiwe kete, aeleze atakavyocheza.

Haruna akacheza peke yake chumbani, na mdomo wake ukaendelea kwenda huku, mkono kule. Profesa aliisikiliza kaseti ile mpaka mwisho. Hakucheka tena.

"Hapa hakuna Feruzi wa kumdanganya," alisema. "Anatudanganya sisi."

Akanituma nimsindikize Haruna jioni hiyo, nimuulize kwa adabu. Tulitembea hadi Kasingirima bila kulitaja jambo lenyewe. Nilikaa mkekani nikamtazama akimwinua mama yake, mwembamba sana, akimwekea mto mgongoni na kumpepelea uji upoe. Bibi aliniuliza kama mimi ndiye bosi wa mwanawe. Haruna akamwambia ndiyo, na mkali kweli. Bibi akanishukuru kwa kumweka mwanawe karibu. "Urakoze," alisema, mara mbili, kwa sauti iliyokuwa haifiki mbali.

Tulipotoka nje ndipo nikamuuliza. Haruna hakukana.

"Mdogo wangu, siku mashine itakapofikiri kama mimi, mtanihitaji kwa kazi gani? Na mimi nikirudishwa kambini, huyu atanyweshwa na nani? Dada yangu anatoka alfajiri kwenda sokoni, anarudi usiku."

Asubuhi nilimweleza Profesa yote, mbele ya Mhandisi. Mhandisi alilalamika kwamba wafadhili wanasubiri modeli na tumepoteza kazi ya miezi. Profesa akachukua kalamu.

"Waandikie kwamba bado hatuna data za kutosha," alimwambia. "Utakuwa umesema kweli tupu. Hatuna hata moja." Kisha akaandika barua ya kuomba kibali cha Haruna kiongezwe muda, akasaini, akanipa niipeleke.

Haruna aliendelea kuja, kanzu imenyooka, akitudanganya kwa heshima zote, nasi tukirekodi.

Masika yalipoanza kukatika, mama yake alifariki. Tulikwenda kuzika, hata Mhandisi. Hatukutegemea kumwona Haruna tena ofisini. Lakini baada ya matanga alitokea Bangwe, akakaa mezani, akanionyesha kinasa sauti.

"Washa."

Akacheza. "Hapa naogopa," alisema, na mkono wake ukaogopa, ukarudi nyuma. "Sasa nakuachia nyumba yangu, siwezi kuilinda tena." Akaichota nyumba yote, akazisambaza kete shimo kwa shimo. Kila alilosema, mkono ulilifuata. Mtu niliyemwandika kwa miezi, nilikuwa sijawahi kumwona akicheza kweli. Kwenye kaseti ile mpaka kupumua kwake kunasikika. Mchezo ulipokwisha, alisema, "Haya. Sasa mnaweza kunirudisha."

Kwa kaseti hiyo moja modeli ikakamilika. Ilimhangaisha Mzee Feruzi, na hata ilipofungwa, ilifungwa kwa namna ya Haruna. Feruzi aliikataa baada ya hapo. Alisema hawezi kucheza na mtu asiyemwona.

Mimi niliacha kazi hiyo mradi ulipofungwa. Miguu yangu haijui kutulia. Nimekaa Mwamgongo, nimekaa Mpanda, nimevuka hadi Kalemie na kurudi, na katika miaka yangu ya arobaini nimeshastaafu kazi nyingi kuliko umri. Kila mji ninaofika natafuta baraza la bao. Nakaa pembeni, siangalii kete. Nasikiliza midomo yao, kisha naitazama mikono, nikimngoja mmoja ambaye hana tena sababu ya kudanganya.