Baruti ya Kumpiga Pongo

Dada yangu mkubwa alipoacha kula, alitaja kitu kimoja tu: nyama ya pongo, yule swala wa vichakani. Alikuwa amelala kwangu, mtaa wa Namakwekwe, miguu imevimba, na uji aliopewa na mke wangu umeganda kwenye bakuli.

"Ile baba aliyokuwa akituletea," alisema. "Kipande kimoja tu, basi."

Bunduki ya baba ninayo, na leseni yake iko hai. Kibali cha kuwinda nilipewa cha siku moja tu, kwenye shamba la ng'ombe la rafiki yangu. Lakini risasi za bunduki ya kizamani kama ile hazipatikani madukani, kwa hiyo nilikwenda Jinja kwa shemeji yangu, ambaye ameruhusiwa kujaza upya maganda ya risasi. Anafanyia kazi hiyo katika chumba cha nyuma ya duka lake, na hakuna anayeingia na kiberiti.

Aliweka makopo mawili mezani. La kwanza lilikuwa na baruti ya chembe nene, inayoungua polepole na kuisukuma risasi kwa nguvu mpaka mdomo wa mtutu. La pili lilikuwa na baruti laini, ambayo huwawekea kidogo kidogo watu wa kulenga shabaha za karatasi.

"Pongo anataka hii," alisema, akagonga kopo la kwanza.

"Hiyo itamuua palepale. Nipe laini."

Sisi Waislamu, wajukuu wa askari wa Kinubi, tulilelewa hivyo: nyama ya mawindo huliwa ikiwa kisu kimemkuta mnyama bado anapumua. Nami magoti yangu si ya kukimbia tena. Nilitaka risasi ya kumwangusha tu, anisubiri.

Shemeji alicheka. "Afande, unataka kumpiga au kumbembeleza? Sheikh alishatuambia, ukisoma bismillahi kabla ya kufyatua, hata akifa ni halali."

"Dada hatakula."

"Umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa na haraka ya kuwa mtoto mwema wa baba.

"Haya," alisema, akaanza kupima baruti laini. "Ila hii ni ya karatasi, bwana. Karatasi haikimbii."

Siku ya kibali, shambani, pongo alitokea mchana, kwenye ukingo wa kichaka, karibu kuliko nilivyotarajia. Nikasoma bismillahi, nikafyatua. Mlio ulikuwa mdogo. Alipiga magoti, nami nikaanza kwenda na kisu mkononi. Nilipofika nusu ya njia alisimama, akanitazama, akaingia kichakani.

Mimi na mwenye shamba tulifuata damu kwenye majani. Mara moja tulimsikia akikohoa mbele yetu, kikohozi cha mtu kabisa. Halafu mvua ikashuka kutoka mlima Wanale na kuosha kila kitu. Tulizunguka kichaka kile mpaka nguo zikatugandamia. Hatukumsikia tena.

Nyumbani dada alikuwa ameegemezwa mito.

"Umempata?"

"Nimempiga. Ametupotea."

"Yuko hai?"

"Sijui."

Nilimweleza habari ya baruti, na kwa nini niliichagua.

"Wewe ulikuwa mdogo, hukuwa ukienda na baba kuwinda," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimbebea begi. Wanyama wengi walikuwa wameshakufa tulipowafikia. Alikuwa amesoma bismillahi yake, tukala. Ungenipigia simu."

Simu ilikuwa mfukoni mwangu siku zote.

"Kesho utarudi?"

"Kibali kimeisha leo."

Mke wangu alileta supu ya kuku. Dada alilowesha midomo kwa adabu, akairudisha.

"Basi niambie," alisema. "Alikuwa mkubwa?"

Nikamwambia: dume, shingo nene, manyoya mekundu yanayokaribia kuwa meusi, madoa meupe ubavuni. Alinisikiliza amefumba macho, taya zake zikisogea taratibu. Nilipomaliza aliniomba nianze tena.