Leo Nilitamani Bodi ya Pacha Wangu Iungue

Leo nusura niiache makusudi kazi ya pacha wangu iungue.

Kulwa katengeneza mashine ya kutotolea vifaranga. Ndani kuna bodi ndogo ya elektroniki inayowasha na kuzima taa ya joto. Mimi ndiye niliyemfundisha mambo hayo, halafu mashine yangu mwenyewe haijawahi kumaliza hata wiki bila kuharibika.

Asubuhi majirani zetu wa Kiseke walijaa sebuleni kuona mayai yakianguliwa, simu juu, wanarekodi. Mama akasema, "Mwanangu huyu ana akili jamani!"

Huyu. Na mimi nimesimama pale pale.

Mara umeme ukakatika.

Kulwa akakimbilia betri ya pikipiki. Nikaona anapeleka waya mwekundu kwenye pini ya volti tano ya bodi. Betri ile ni volti kumi na mbili! Pini hiyo haina kinga yoyote, bodi ingeungua hapo hapo.

Nikanyamaza. Nilisikia raha, sifichi.

Kisha nikaona yai moja limepasuka, kidomo kinachungulia.

"Kulwa, acha! Usiunganishe!"

Nikaleta kipunguza volti changu, nikakirekebisha mpaka mita ikaonyesha tano, ndipo nikaunganisha. Taa ikawaka.

Mchana kifaranga kilipotoka, watu wakampigia makofi Kulwa.

Yeye akaninong'oneza, "Doto, peke yangu siwezi. Usiondoke."

Sikuondoka. Ila wivu bado ninao.

Mapacha wenzangu, hii hali huwa inaisha lini?