Mwenye Koti la Njano

Jamani, mimi askari jela wa Jinja, mtu wa kukemea wafungwa kutwa nzima, juzi nimeadhirika kwenye ngazi.

Tulikwenda kwenye maporomoko ya Sipi na mke wangu pamoja na mama yake, anayeishi Nkoma, Mbale. Kwao mwanamume hamgusi mama mkwe wake, hata salamu ni ya mbali. Mila hiyo nimeishika tangu nilipooa. Ndiyo maana niliwaacha wote wawili watangulie kushuka korongoni, wamejifunika makoti ya mvua ya njano tuliyokodi.

Katikati ya ngazi nikachungulia chini. Maji yalinipiga usoni, ngazi nayo ikayumba.

"Afande, usiangalie chini!" kijana aliyekuwa akituongoza akapaza sauti.

Nikafumba macho, nikaendelea kushuka nikipapasa. Mguu ukateleza. Nikamwangukia mwenye koti la njano, nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote, nikilia begani kwake: "Mpenzi wangu, usiniachie!"

Akakakamaa kama nguzo.

Kisha, kutoka chini zaidi, nikasikia sauti ya mke wangu: "Baba Musa, mimi niko huku."