Msichana Niliyemuokoa Kwenye Theluji

Nilikuwa nimetoka shift kule mji wa Savage, huku ughaibuni, nikaona msichana wa Kihindi amesimama kwenye theluji na sari nyepesi, bila koti, analia. Mwanamume alikuwa amemshika mikono. Mimi ni nesi, siwezi kupita tu. Nika-park, nikamkimbilia, nikamfunika na blanketi la gari, nikaanza kumvuta kuelekea garini.

"Anti, hii ni filamu," akaniambia taratibu. "Tunarekodi wimbo wa mapenzi."

Nyuma ya lundo la theluji, watu wa kamera walikuwa wananikodolea macho.

Jumapili nikatoa ushuhuda jinsi Mungu alivyonitumia kuokoa msichana. Kamera sikuzitaja. Kanisa zima lililia.

Mwaka uliofuata, Meena, Mhindi wa Kitamil ninayefanya naye kazi, akanialika kuona filamu ya kwao kwenye sinema ya mji wa Burnsville. Sikuuliza ni gani. Nikaenda na akina mama wa kanisa. Ilikuwa tamu, tukalia, tukapiga makofi. Mwishoni, majina yakipita, wakaonyesha vituko vya siku za kurekodi. Nikajiona na blanketi langu, nakimbia kama ninayefukuzwa na nyuki. Ukumbi ukaangua kicheko.

Mama Pasta hakucheka. Akaniinamia. "Sista Rose, ule ushuhuda utaumalizia Jumapili hii?"