Salamu ya Kifundo cha Mkono

Mume wangu ni mtu wa salamu. Ukimtuma dukani akuletee chumvi, mboga zitaungulia jikoni akiwa bado njiani anawauliza watu habari za mahindi, habari za mafua ya mtoto, na habari za mbwa. Mimi sina hayo. Nikikutana nawe barabarani nakuinulia kidevu, safari inaendelea. Watu wa Ndabibi hushangaa tulivyooana, nami huwajibu kwamba lazima mmoja wetu afike nyumbani apike.

Tulikuwa tukifanya vibarua vya kila aina: kuvuna viazi, kupalilia, kuchimba vyoo. Msimu ambao kimeta kiliingia kwa ng'ombe wa upande wetu, afisa wa mifugo alitutafuta sisi wawili, kwa kuwa wengi walikuwa wanaogopa na sisi tulikuwa tumewahi kumfanyia kazi hiyo. Kimeta hakina mzaha. Ng'ombe analala akiwa sawa, asubuhi unamkuta amekufa, tumbo limefura, damu nyeusi inamtoka puani wala haigandi. Mzoga kama huo haupasuliwi. Ukiupasua, ugonjwa unamwagika udongoni na kukaa humo miaka na miaka, ukingoja ng'ombe mwingine aje kula nyasi hapo, au mtu mwenye mchubuko aje kushika. Kwa hivyo unachimba shimo refu, unamvuta ng'ombe na ngozi yake, unamwagia chokaa na kumfukia. Halafu inabaki ile kazi ambayo watu hawaioni: kukwangua udongo wote uliolowa damu, kuchoma samadi na nyasi alizolalia, na kuosha kila kilichoguswa.

Afisa alitupa gambuti, ovaroli, barakoa na glavu. Glavu zilikuwa nzuri ila fupi, zinaishia kwenye kifundo cha mkono. "Mikono ya ovaroli iwe juu ya glavu," alituambia, "na msizitoe mpaka mmalize." Tukaitikia. Jua la huku likishapanda ndani ya ile ovaroli, unahisi kama viazi vinavyochemshwa, lakini tukaitikia.

Boma tulilopelekwa siku ile lilikuwa la shosho mmoja mjane, chini ya vilima, anayeishi peke yake. Ng'ombe alikuwa mmoja tu, wa maziwa, na ndiye aliyekufa. Shosho alikuwa amekaa naye tangu alfajiri, amemshika kichwa, akimfuta damu puani kwa aproni yake. Tulipofika majirani walikuwa wameshasimama kwenye ua na visu, na mmoja akaniambia nyama ikichemka sana hakuna ugonjwa unaobaki.

"Sawa," nikamwambia. "Uanze wewe kuila, sisi tutachimba mashimo mawili."

Waliondoka wakininung'unikia. Afisa alimwambia shosho anawe kwa sabuni, akae ndani na asitukaribie, kisha akaenda boma lingine. Sisi tukachimba.

Tulikuwa tumeshamfukia ng'ombe na tunakwangua udongo, shosho alipotoka. Alikuwa amejitanda leso, na aproni ile ile bado ameivaa. Kwake lilikuwa jambo lisilowezekana kwamba watu wamekuja nyumbani kwake, wamemzikia ng'ombe, na hajawasalimia. Mimi nilimwita kwa mbali, "Shosho, rudi ndani, hapa ni pachafu." Hakusikia, au hakutaka kusikia. Alimwendea mume wangu akiwa amenyoosha mikono yote miwili.

Kwetu mtu mwenye mikono michafu hakatai salamu. Anakunja ngumi na kumpa mwenzake kifundo cha mkono akishike. Fundi wa gari hufanya hivyo, mama anayekanda unga hufanya hivyo. Mume wangu naye akavuta mkono wa ovaroli nyuma, akaikunja glavu chini kidogo ili kusiwe na uchafu, akampa shosho kifundo. Hapo kwenye kifundo palikuwa na mkwaruzo wa seng'enge, tuliyokuwa tumeikata asubuhi ili tupitishe mzoga. Shosho akakishika kwa mikono yote miwili, akakitikisa, akalia. Na mume wangu naye akalia. Nilimgombeza jioni yote, njia nzima mpaka nyumbani, na yeye akaniambia, "Mama watoto, ningemwacha mzee wa watu na mikono hewani?"

Wiki haikuisha. Jioni moja nilipakua ugali, nikachukua birika nimnawishe kama kawaida. Akatoa mkono mmoja tu. Mume wangu hunawa kama daktari, mikono yote miwili, hadi kwenye viwiko. Nikasimama na birika langu.

"Na huo mwingine?"

"Iko sawa."

"Lete."

"Ni kakitu tu. Hata haiumi."

Nilimvuta sweta mwenyewe. Pale kwenye kifundo palikuwa na kidonda cha mviringo, katikati cheusi kabisa kama kipande cha makaa, na mkono umevimba karibu kufika kwenye kiwiko. Ni kweli hakikuwa kinamuuma. Huo ndio ujanja wa kimeta: kingekuwa kinauma, angepiga kelele na kila mtu angejua. Nilimgusa shingo, nikakuta anachemka.

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kisha nikamuuliza kwa nini amenificha. Alishusha mkono wa sweta, ugali ukipoa. Mwishowe akasema, "Watauliza nimekipata wapi. Na nikisema, unajua watu hapa. Watasema shosho ana mkono mbaya."

Nilijua watu hapa. Mwanamke mzee anayeishi peke yake haachi kusemwa. Mvua ikikosa kunyesha yeye husemwa, mtoto akiharisha yeye husemwa, na sasa ng'ombe wake amekufa akitokwa na damu nyeusi. Mume wangu alikuwa ameyapima hayo yote, akaona afadhali afe yeye kwa adabu. Nilimpenda sana wakati ule, na nilitamani kumpiga na mwiko.

Tulipanda nduthi, sote wawili nyuma ya pikipiki moja, mpaka hospitali Naivasha. Daktari, msichana mwenye sauti ya upole, alikitazama kidonda mara moja tu, akaagiza dripu. Alisema tungechelewa zaidi, sumu ingesambaa kwenye damu. Kisha akauliza, "Mlikuwa mmevaa glavu?"

"Nilivaa," mume wangu akasema.

"Na hukuzitoa?"

Mume wangu akageukia ukutani. Nikaona atakavyonyamaza mpaka kesho. Na katika kule kunyamaza kwake nikamwona shosho pia, na ile aproni, na vile alivyomshika ng'ombe kichwa tangu alfajiri. Kama mkono wake ulikuwa na kitu cha kumpa mume wangu, basi yeye mwenyewe alikuwa nacho.

"Kuna mama mzee," nikamwambia daktari. "Ni yeye alimshika hapo. Atafutwe leo, si kesho."

Mume wangu alifumba macho. Nilimwinamia sikioni. "Ukimficha, watu hawatamsema," nikamwambia. "Watamzika." Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo tulifundishwa shuleni, lakini hakuna aliyetufundisha la kufanya ukificha ya mwenzako.

Daktari alinieleza polepole kwamba kumsalimia mgonjwa wa kimeta si tatizo. Tatizo ni damu ya mzoga iliyobaki mikononi. Aliniambia niwaeleze hivyo hivyo majirani, na niliwaeleza, nikipita mlango hadi mlango, na sauti yangu mnaijua.

Shosho aliletwa siku iliyofuata. Alikuwa amefunga mkono wa kulia ndani ya leso, na ndani ya leso kidole gumba kilikuwa na kidonda cheusi. Alikuwa amekificha tangu kitokee. Wakati wa kufungwa bendeji nilimuuliza sababu, naye akajibu bila kunitazama, "Nilidhani ni kijana amenipatia, glavu yake ilikuwa na damu. Nikasema nikiongea watamfukuza kazi. Mtu amenizikia ng'ombe, nimlipe hivyo?"

Nilimfunga vizuri leso begani, nikamwambia hakuna atakayefukuzwa kazi.

Baadaye alitaka kumwona. Nilimshika bega nikampeleka hadi kitandani kwa mume wangu, ambaye naye alikuwa amefungwa bendeji mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Wakatazamana. Shosho akajaribu kuinua mkono wake uliofungwa, akaona hauwezekani, akatoa wa kushoto. Kwetu mkono wa kushoto haupewi mtu, sembuse mzee. Mume wangu, ambaye maisha yake yote hajawahi kumpa mtu mkono huo, alinitazama kama anayeomba ruhusa.

"Shika," nikamwambia. "Huo ndio mko nao, na umeoshwa."

Akaushika, akaanza kumuuliza habari za nyumbani, moja baada ya nyingine, na mimi kwa mara ya kwanza sikumharakisha.